Mikono ya Mama Nzivo

Jumatatu ile maji yalifika kwenye mfereji wa Kaloleni saa kumi na mbili na robo asubuhi, na Muhonja alikuwa wa nne kwenye foleni, akiwa na mgongo wa mtu mwingine. Mgongo ulikuwa wa Mzee Luseno, aliyebeba marobota ya mitumba Gikomba kwa miaka ishirini na miwili. Muhonja aliupata Ijumaa alasiri alipomsikiliza. Adhiambo, jirani aliyesimama nyuma yake, hakushangaa. Alimjazia mtungi, akambebea hadi mlangoni.

"Pole, Mama Lenah," akasema. "Huyu wa safari hii ni mzito?"

"Mzito kiasi," Muhonja akajibu. "Kuinama ndio shida."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na aliipata kwa haki. Mwaka wa 1995 kiwanda kimoja kule Viwandani, cha sabuni ya mche iitwayo Zumaridi, kilitangaza gazetini kwamba kinatafuta watu wa kutengeneza kijarida. Hakikutaka vyeti. Kilitaka watu wanaojua kusikiliza, wenye huruma, wanaoshirikiana na wenzao na wanaokosolewa bila kununa. Walijitokeza watu mia mbili. Kila mmoja aliulizwa kama ana huruma na kila mmoja akasema anayo, maana nani atasimama mbele ya mwajiri aseme hana? Muhonja alipoulizwa hakujibu. Alimtazama bwana aliyekuwa akiuliza, mhariri Caleb Shiundu, akataka kujua kama jino linamsumbua. Shiundu akasema linamsumbua tangu Jumapili, akaeleza linavyompiga mpaka sikioni, na alipomaliza kueleza jino lilikuwa limehamia kwa Muhonja. Akaajiriwa palepale. Jino alikuja kuling'oa yeye, na pengo analo mpaka leo.

Kijarida kiliitwa *Nyumbani Mwetu*. Kilitolewa bure kila mwezi, kimefungwa na mche wa Zumaridi. Shiundu alikuwa na akili, tusimnyime lake. Alisema watu wamechoka kupigiwa kelele za nunua, nunua. Wapewe hadithi za watu kama wao, na sabuni ipite humo kama jirani aliyekuja kuazima chumvi akaenda zake. Basi Muhonja akawa wa kuzunguka mitaani kusikiliza, Patrobas wa kupiga chapa, Masinde wa kupiga picha, na Shiundu wa kalamu nyekundu.

Maumivu aliyosikiliza Muhonja yalikaa kwake mpaka kijarida kitoke. Hadithi ikitoka ilivyosemwa, maumivu yaliisha kabisa, hayakubaki kwake wala kwa mwenyewe. Ikigeuzwa, yalimrudia mwenyewe siku hiyohiyo, kabla ya chai ya saa nne. Kutoka ilivyosemwa kulikuwa kumetokea mara moja tu. Shiundu alikuwa amekwenda matanga Kakamega, na Patrobas akaipiga chapa hadithi ya Muindi, dereva aliyevunjika mguu, neno kwa neno. Muindi anatembea vizuri hadi leo. Shiundu aliporudi alimkanya Patrobas kwa upole, akamwambia kijarida hakina sura, kimekuwa kama barua ya malalamiko.

Mgongo wa Mzee Luseno ulimrudia mwenyewe Jumatano, kijarida kilipotoka kikisema mzee alistaafu kwa furaha na sasa hufua shati lake mwenyewe. Alhamisi jioni Mbithe akabisha hodi.

Mbithe, ambaye majirani walimwita Mama Nzivo, alikaa mlango wa tatu kutoka kwa Muhonja. Alikuwa amemkimbia mume Kangundo, akaja na mtoto wa miaka mitano na kirobota cha nguo. Kibarua chake kilikuwa kufua. Kila asubuhi alitembea hadi Buruburu, akaketi na wanawake wenzake juu ya ukuta mfupi karibu na maduka, wakingoja wenye nyumba waje kuchagua. Na wenye nyumba walikuwa na desturi yao. Kabla ya kumchukua mtu walimwambia anyoshe mikono. Wanawake wazima, wengine wenye wajukuu, walinyosha viganja kama watoto wa nasari wanaokaguliwa kucha, na mwenye kidonda alirudi ukutani, maana damu huingia kwenye shuka nyeupe na haitoki.

Mbithe alikuwa amerudishwa ukutani siku tisa mfululizo.

"Mama Lenah," akasema, akiwa bado amesimama, mikono ameificha kwapani. "Nimekuja unisikilize."

"Keti kwanza."

"Sikai. Nikikaa nitalia. Ni hii Zumaridi yenu. Kila nyumba ninayofua wananipa hiyo, kwa sababu ya hicho kijarida chenu. Ina magadi sijui kiasi gani. Ilianza kwenye vidole, sasa ni mpaka hapa." Akaitoa mikono. "Jana Nzivo alikataa nimuogeshe. Akaniambia, mama, mikono yako inauma. Mtoto wangu mwenyewe!"

Muhonja akasogeza kiti. Mbithe akaketi, na kweli akalia. Akaeleza yote: ukuta, viganja, yule mama wa Buruburu aliyemwambia aende akanawe kwanza. Akasema asipopata kibarua mpaka mwisho wa mwezi, hana budi kurudi Kangundo kwa yule mwanamume, na yule mwanamume alikuwa amemtumia salamu kwamba ule ufito bado ameuweka nyuma ya mlango.

"Waandike hivyo hivyo," akasema. "Wanawake wenzangu wajue ni sabuni. Utawaambia?"

"Nitawaambia," Muhonja akasema, na alimaanisha.

Mikono ikahama wakati Mbithe akifunga leso kichwani ili aondoke. Kwanza vidole, kisha viganja, mwisho yale mapasuko ya kwenye vifundo ambayo hayakuwa yamefunga tangu Julai. Muhonja akaitazama ikifika. Kesho yake Mbithe alikwenda Buruburu na mikono laini, isiyo hata na mkwaruzo, akawa wa kwanza kuchaguliwa. Akachaguliwa na kesho kutwa. Jumamosi jioni majirani walimsikia Nzivo akicheka ndani ya karai.

Jumatatu kikao cha kijarida kilianza saa tatu. Muhonja alifunua daftari kwa viwiko akaisoma hadithi yote. Patrobas alitoa leso akapenga kamasi. Masinde aliacha kutafuna. Hata Shiundu alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Shiundu hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi. Angekuwa mbaya tungemtukana tukalala.

"Dada Muhonja, hapo umefanya kazi," akasema. "Hiyo ndiyo huruma niliyokuwa nikiitafuta."

Kisha akachukua kalamu nyekundu. Pale Mbithe aliposema mikono yake ilipasuka kwa sababu ya Zumaridi, akapiga mstari, akaandika juu yake kwamba mikono yake ilipasuka kwa sabuni za bei rahisi mpaka jirani mwema alipomwonyesha Zumaridi. Ukuta akauacha, akasema ukuta una mguso. Mume wa Kangundo akamtoa, eti nafasi haitoshi.

"Bwana Shiundu, huyu mama hakusema hivyo."

"Najua hakusema hivyo. Mtu hasemi vizuri mara ya kwanza. Ndiyo maana kuna mhariri."

"Ikitoka hivi, mikono itamrudia siku hiyohiyo. Unajua."

"Najua," Shiundu akasema, na sauti yake ilikuwa ya huzuni kabisa. "Lakini sisi ni timu. Patrobas, wewe unaonaje?"

Patrobas akatazama meza. Akasema kwamba kwa upande wake anashirikiana.

"Masinde?"

"Mi ni wa picha tu," akasema Masinde.

"Unaona, dada? Na kumbuka uliposaini hapa ulisema unakubali kukosolewa. Usinune."

Muhonja hakununa. Alilifunga daftari kwa viwiko, akalitia kwenye kiondo, akaondoka nalo kabla halijaguswa na Patrobas. Nyumbani akaliweka chini ya godoro, upande wa ukutani. Hadithi isiyotoka haimrudii mtu, aliwaza. Hilo alilijua tangu jino.

Hakuna aliyemfukuza. Kijarida kikatoka na hadithi nyingine, ya bwana wa Jericho na sungura zake, na Muhonja akabaki na mikono ya Mama Nzivo. Hakuweza kusonga ugali. Hakuweza kumsuka Lenah, bintiye, na Ijumaa akampeleka kwa kinyozi akanyolewa, mtoto akilia njia nzima kwamba sasa anafanana na wavulana. Adhiambo alimjazia maji kila asubuhi bila kuombwa. Usiku Muhonja alilala mikono ameiweka juu ya beseni lililogeuzwa, kwa maana shuka ilimchoma. Kuna saa alimkasirikia Mbithe. Kuna saa alimchukia kabisa, nasema ukweli, alipomsikia akiimba mlangoni kwake akianika nguo. Kisha alimsikia Nzivo, na hasira ikapungua.

Shiundu hakusahau. Alimuuliza Muhonja mara mbili tu kuhusu daftari, kwa adabu. Mara ya tatu hakumuuliza, alimtuma Masinde Kaloleni na kamera.

Masinde alimkuta Mbithe alasiri, mfereji ukiwa umeshakauka, ameketi kwenye kizingiti akichambua sukuma wiki.

"Sasa, mathe," akasema. "Nasikia una mikono fiti. Nipige picha ya mikono tu, uso siutaki."

"Ya nini?"

"Ya kijarida. Kwani hutaki kusaidia?"

Mbithe alidhani hadithi yake ndiyo inatoka hatimaye, ile aliyomwambia Muhonja, na kwamba picha ni ya kuipamba. Akajifuta kwa leso, akanyosha viganja kama alivyozoea kuvinyosha kule Buruburu. Masinde akapiga picha sita, akamshukuru, akamwachia miche mitatu ya Zumaridi. Sabuni ya bure humtupii mbwa. Mbithe akaifunga kwenye gazeti akaitia chini ya kitanda, na ile ya dukani ilipoisha, akaanza kuitumia.

Kijarida cha Oktoba kilikuwa na mikono ya Mbithe ukurasa wote wa mbele. Chini yake paliandikwa: *Mama Nzivo wa Kaloleni hufua kila siku kwa Zumaridi. Mwone.* Hakuna hata neno moja kati ya hayo lililotoka katika hadithi yake. Shiundu aliyatunga mezani, kwa hiyo hayakurudisha chochote. Mikono iliyopasuka ikabaki kwa Muhonja, na ile mizuri ikabaki kwa Mbithe na kwenye kila duka kuanzia Kariokor hadi Pipeline. Zumaridi ikaisha madukani ndani ya wiki mbili. Wanawake wa ukutani Buruburu walikikata kile kijarida, wakaibandika ile picha kwenye ukuta wa duka lililo nyuma yao, wakawa wanaioneshea vidole na kusema, huyu ni wetu.

Mbithe alikuja nacho mkononi.

"Mama Lenah, mimi sikusema haya. Nakuapia kwa Mungu."

"Najua hukusema."

"Walisema picha tu. Nilidhani umeshawaambia."

"Niliwaambia, Mama Nzivo. Walinisikia vizuri."

Mbithe akatazama mikono iliyokuwa juu ya magoti ya Muhonja, akaijua, kila ufa. Hakuthubutu kuigusa. Akaweka kijarida mezani, akakigeuza picha ikatazama chini, akaondoka.

Mwisho wa Oktoba kiwanda kilifanya karamu ndogo ya soda na keki. Muhonja alipewa cheti cha mfanyakazi bora wa mwaka, upande wa huruma. Shiundu alisoma sifa zake kwa sauti: anasikiliza, anavumilia, hachukulii mambo kibinafsi. Watu wakapiga makofi. Muhonja alikipokea cheti katikati ya viwiko viwili, na Masinde akampiga picha kifuani kwenda juu, mikono isionekane.

Wiki iliyofuata Mbithe akabisha hodi tena, mikono ameificha kwapani.

Muhonja alisogeza kiti kwa mguu. Mbithe akaketi, akaeleza kwamba ilianza kwenye vidole, kama mara ya kwanza, na kwamba ukutani leo walirudishwa wanawake kumi na mmoja, na wote wanatumia ileile. Akaeleza kuhusu yule mama wa Buruburu, aliyevitazama viganja vyake, akaitazama picha iliyobandikwa nyuma, akamwambia, "Wewe huwezi kuwa huyu." Muhonja alisikiliza kama alivyosikiliza siku zote, mpaka mwisho. Wakangoja. Hakikuhama kitu. Mikono ya Muhonja ilikuwa imeshajaa, na mahali pa kuweka mingine hapakuwapo.

"Baki hapa kwangu," Muhonja akasema. "Wewe na Nzivo."

"Nani atatupikia, Mama Lenah? Mikono gani?"

Muhonja akalisukuma beseni kwa mguu katikati yao, wote wawili wakaiweka mikono juu yake.

Basi la Kangundo lilikuwa la Jumamosi, na nguo za Nzivo zilikuwa chafu. Mbithe hakutaka mtoto afike kwa babake akiwa mchafu, yule mwanamume akapata la kuanzia. Ijumaa asubuhi maji yalikuja saa kumi na mbili na robo, Adhiambo akawajazia karai. Wakachuchumaa pande mbili, mmoja akisugua, mwingine akisuuza: kaptura mbili, shati, sweta la buluu. Maji yakawa mekundu kidogo, wakayamwaga wakateka mengine. Walitumia mche wa tatu wa Zumaridi, kwa sababu ndio uliobaki nyumbani.