Viatu vya Mguu Mmoja

Mzee mwenye duka la viatu walimwita Mkono wa Birika, na haki ya Mungu hakuonewa. Mtu ana nyumba tatu za kupangisha, lakini chai anakunywa kwa jirani! Basi uzeeni akaamua kutoa: jozi thelathini za viatu kwa shule ya msingi ya mtaani, bila jina, bila picha.

Ambaye hasa hakutaka ajue ni binti yake, ambaye siku hizi ndiye msimamizi wa duka. Huyo alisoma mpaka darasa la saba na viatu vilivyododa, namba mbili zaidi ya mguu wake, vimejazwa magazeti mbele, kwa sababu baba alisema vipya ni vya wateja. Sasa angeanzaje kumwambia kwamba watoto wa watu anawagawia bure? Aliona aibu, jamani, aibu ya kweli.

Ijumaa binti alipotoka kwenda kula, Mzee akaingia stoo, akabeba maboksi thelathini mbio mbio, akamwita msukuma mkokoteni.

"Peleka shuleni. Ukiulizwa, hunijui."

"Sikujui na sijawahi kukuona," yule akaapa.

Lakini haraka haraka haina baraka. Dukani kwao kiatu cha kulia hukaa rafuni kionekane, cha kushoto hubaki ndani ya boksi, ili mwizi asifaidi. Sheria hiyo Mzee aliiweka mwenyewe, kabla binti hajazaliwa! Saa tisa, binti amesharudi, mwalimu mkuu akaingia dukani na kiatu kimoja mkononi, kicheko kimembana.

"Samahanini, nina watoto thelathini wanarukaruka uwanjani na mguu wa kushoto tu. Vimeletwa na msukuma mkokoteni, na boksi lina muhuri wenu."

Binti akakimbilia stoo. "Mama yangu, tumeibiwa!" Akatoka nje, akamkuta msukuma mkokoteni amerudi kivulini pake, akamkaba shati na kumvuta ndani.

"Nani kakutuma?"

"Simjui. Sijawahi kumwona," maskini akajibu, huku macho yote kwa Mzee.

Binti akatoa simu aite polisi. Mzee akamshika mkono.

"Mwache! Ni mimi."

Wote wakaangua kicheko, hata mwalimu.

"Baba, acha utani."

"Wallahi ni mimi! Nimetoa sadaka, nisameheni!"

Binti akaacha kucheka. Akamwachia yule mtu shati, akamtazama baba yake.

"Vipya?"

"Vipya."

"Na namba zao ulizijuaje?"

"Wiki nzima nimekaa mlangoni wakipita kwenda shule. Mimi nikiona mguu, sikosei."

"Kwa hiyo na wangu ulikuwa unaujua."

Mzee angeweza kusema amesahau, miaka ni mingi. "Niliujua, mwanangu. Kila asubuhi ukitoka, niliujua."

Binti akajifuta macho kwa kiganja, akachukua gunia, akaanza kushusha viatu vya kulia kutoka rafuni.

"Beba," akasema. "Leo utawavisha mwenyewe, mmoja mmoja, umepiga magoti. Mimi nitakaa pale nikuangalie."

Mzee akajitwisha gunia, akatoka nalo barabarani huku analia na kucheka, na watu wote wanamwona.