Mwacheni Kushoto

Jumamosi saa mbili asubuhi mshona matanga alifungua banda lake, akafagia vipande vya uzi vya jana, akaitia cherehani matone mawili ya mafuta, kisha akasimama dirishani kuangalia kama kaka yake amefika. Alikuwa amefika. Alikuwa ameketi juu ya maji kando ya boya la tatu, miguu ameikunja kama mtu aliye mkekani, jaketi lake la rangi ya chungwa likichuruzika, mkono wa kulia juu.

Alikuwa amekufa maji wiki tisa zilizopita, na mwili wake haukupatikana. Hii ilikuwa Jumamosi ya sita ya yeye kukaa pale.

Kwenye ubao wa matangazo wa klabu, chini ya tangazo la miwani iliyookotwa bafuni, katibu alikuwa amebandika karatasi: "Boya la tatu lina mtu. Mwacheni kushoto. Atakayemgusa atahesabiwa kuwa amegusa boya." Kugusa boya ni kosa. Aliyegusa hulazimika kuzungusha mashua duara zima kabla ya kuendelea, na mwenye kuzunguka duara zima huachwa na wenzake. Kwa hiyo kila Jumamosi mashua za mbio zilifika pale, zikampita zikimwacha kushoto kwa uangalifu mkubwa, na hakuna aliyemgusa hata kwa ncha ya kamba. Katibu alisema nidhamu ya uendeshaji imepanda.

Klabu ile ya ziwani ilikuwa na watu wa aina mbili. Walikuwapo wa mbio, na walikuwapo wapunga upepo. Wa mbio waliwaita wenzao mito ya kochi. Wapunga upepo waliwaita wa mbio farasi. Yote hayo yalisemwa kwa kicheko, vikombe vya chai mkononi.

Wakubwa wa mbio walikuwa daktari wa meno na mkandarasi. Walikuwa wameoa mtu na mdogo wake, hivyo waliitana mwanyumba, na Jumapili walikula meza moja. Kwa miaka kumi na minne walikuwa wameshindana kwa urafiki. Mwaka mmoja walibishana mwezi mzima juu ya nani alivuka mstari kwanza, mpaka daktari akaleta kile kijiti cha kupimia pengo kati ya jino na jino, wakapima picha. Mkandarasi alishinda kwa upana wa kucha. Picha ile iliwekwa kwenye fremu, ikatundikwa pale baa.

Kaka wa mshona matanga alikuwa mtega maboya. Kazi yake ilikuwa kuyapanga maboya asubuhi, kukaa kwenye mashua ndogo ya injini wakati wa mbio, na kumwokoa yeyote atakayepinduka. Jaketi lake lilikuwa limeshonwa kiraka mara tatu. Dada yake alikuwa ameiandikia kamati barua kwamba kiraka hakirudishi uwezo wa kuelea, na kwamba sponji ya ndani imeshakuwa kama mkate uliolowa. Kamati ilijibu kwamba mwaka ule imeamua kununua kikombe cha ushindi kikubwa zaidi.

Siku aliyokufa maji upepo ulikuwa mkali. Fundo la boya la tatu lililegea, akainama kulikaza, wimbi likamtoa kwenye mashua, na mashua ikaenda zake bila yeye mpaka ikasimama kwenye matete, salama kabisa. Jaketi lilimweka juu kwa muda wa mtu kuvaa viatu. Akanyanyua mkono mmoja, kiganja wazi. Ishara hiyo hufundishwa kila mwanachama siku ya kwanza, kabla hata ya kuonyeshwa choo kilipo. Maana yake ni simama.

Daktari na mkandarasi walikuwa wakilijia boya bega kwa bega. Walimwona. Ripoti ya kamati ilikuwa na sentensi nne, na ya tatu ilisema: "Marehemu alinyanyua mkono, na washiriki walimpungia."

Kisha wakaulizwa nani alikuwa karibu naye zaidi.

"Tulikuwa sawa," alisema daktari.

"Sawasawa," alisema mkandarasi.

Hakuna aliyeleta kijiti.

Mama wa mshona matanga na kaka yake aliishi vyumba viwili nyuma ya soko, na tangu mwanawe azame hakuwa amelia. Majirani walikuja na sura za msiba, wakakuta anachambua mchele.

"Simlilii mtu aliye kazini," aliwaambia. Hata binti yake aliambiwa hivyo hivyo. "Si unasema Jumamosi unamwona? Basi yuko kazini. Mtoe huko umlete, nimlilie nimalize. Mtu hakai majini kama bata."

Mshona matanga hakuwa msemaji. Alipokuwa kazini aliweka pini midomoni, na nusu ya sababu ilikuwa ni kazi. Lakini Jumamosi ile ya sita, daktari na mkandarasi walipoingia bandani kuchukua matanga yao, jekundu na la buluu, alizitoa pini moja moja akazipanga mezani.

"Daktari," alisema, "kila wiki mnapita karibu naye. Simameni mmlete."

"Dada Fundi, mimi sina neno," alisema daktari. "Hata leo ningesimama. Lakini nikisimama mimi, huyu mwanyumba atasimama?"

"Atangulie yeye," alisema mkandarasi. "Mimi mguu uko kwenye breki."

"Mashua haina breki."

"Ndiyo maana nasema utangulie."

Walicheka, wakasukumana mabega. Halafu, kwa kuwa hawakuwa watu wabaya, wakapeana mikono mbele yake kwamba watasimama pamoja, kwa wakati mmoja, kwenye boya la tatu.

Aliwatazama kutoka dirishani. Walifika bega kwa bega. Daktari alilegeza tanga kidogo, akageuza shingo kuangalia kama mwenzake amelegeza. Mkandarasi alilegeza kidogo kidogo zaidi, naye akageuza shingo. Wakaendelea hivyo, kila mmoja akilegeza kwa kipimo cha mwenzake, mpaka wakawa wamempita. Hapo wote wawili wakavuta kamba kwa nguvu.

"Aliniangalia kwa hila," alieleza daktari baadaye.

"Yeye alikuwa hajalegeza," alisema mkandarasi. "Alijikuna tu."

Sindano ilikatika mkononi mwa mshona matanga. Ilikuwa sindano nene ya kushonea pembe za tanga, ambayo haikatiki.

Wiki iliyofuata aliwaendea wapunga upepo. Kiongozi wao alikuwa mwalimu mkuu mstaafu aliyeitwa Mama Kofia, kwa sababu ya kofia yake pana kama sinia. Wao hawakushindana na mtu. Mbio zilipokwisha walitoka taratibu na mito yao na chupa za chai, wakaenda mpaka boya la tatu, wakafunga mashua zao duara kumzunguka yule mtu, wakakaa. Walimpenda. Walisema ni msikilizaji mzuri na hana habari za nani kashinda. Jua lilipokuwa kali, Mama Kofia alitundika kofia yake kwenye ule mkono ulionyanyuliwa.

"Mama, naomba mnapomaliza chai mrudi naye," alisema mshona matanga.

Mama Kofia alimshika bega. Alikuwa na mkono laini wa mtu aliyewapapasa watoto wengi vichwani.

"Mwanangu, uchungu wako naujua. Lakini tukimleta hapa gatini, itakuwa polisi, karatasi, vilio. Sisi tunakuja kupumzisha akili. Wale farasi ndio wenye haraka, waulize wao. Halafu mwenyewe ametulia. Umeona alivyotulia?"

"Amenyanyua mkono, mama."

"Kila mtu na mkao wake."

Mshona matanga alikwenda kwa katibu kuomba ufunguo wa ile mashua ya injini ya uokoaji. Mashua ile ilikuwa imefungwa kwa kufuli mpaka atakapoajiriwa mtega maboya mwingine, na kazi ile ilikuwa haijatangazwa, kwa kuwa boya la tatu sasa lilikuwa likionekana vizuri zaidi kuliko zamani. Katibu alimkumbusha pia kwamba mfanyakazi haingii kwenye chombo cha klabu isipokuwa kwa kazi.

"Hii ni kazi," alisema mshona matanga.

"Ya nani?" aliuliza katibu. Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa ameshika kalamu, tayari kuandika.

Nyuma ya banda kulikuwa na mashua ya kujifunzia yenye nyufa, isiyo na tanga. Kaka yake alikuwa amemfundisha kuiendesha siku za Jumatatu, klabu ikiwa imefungwa. Aliziba nyufa kwa gundi na turubai. Kisha akafungua gunia la mabaki. Humo mlikuwa na nyekundu ya daktari, buluu ya mkandarasi, na vitambaa vya maua ambavyo wapunga upepo walishonea mito yao. Alishona siku tano. Alishona kwa mishono mifupi, mara mbili mbili, na kila mshono aliuvuta kama anayemfunga mtu mdomo.

Jumamosi ya fainali gati lilijaa. Kikombe kikubwa kilikuwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe. Mbio zilipokuwa zimeanza na watu wote wanaangalia mbele, mshona matanga aliisukuma mashua yake majini, akapandisha lile tanga la viraka.

"Fundi, rudi bandani," kipaza sauti cha katibu kilisema. "Fundi, huna namba."

Alikuwa na pini midomoni.

Alipofika boya la tatu kaka yake alimtazama kama mtu anayemtazama mwenzake wa zamu. Maji yalimtoka mikononi na masikioni bila kukoma.

"Usigonge boya," alisema. "Watakuzungusha."

"Twende nyumbani," alisema dada yake, akizitema pini. "Mama anakungoja."

"Nani anaongoza?"

"Wako sawa."

Alitikisa kichwa polepole. "Kaza lile fundo kwanza," alisema. "Lilinishinda."

Dada yake aliinama, akalikaza fundo kwa namna wanavyofunga washona matanga, raundi tatu na kuchomeka. Kisha akaushika ule mkono. Ulikuwa wa baridi kama bomba la asubuhi. Alivuta. Kofia ya Mama Kofia ilianguka majini ikaelea vizuri sana. Kaka yake alikuwa mzito kwa wiki zote kumi na moja alizokaa huko, na mashua iliinama mpaka ukingo ukanywa maji, lakini aliingia.

Wakati huo ndipo daktari na mkandarasi walipofika. Waliona boya limebaki boya tupu. Matanga yote mawili yalishuka kwa pamoja, na mashua zote mbili zikasimama. Hazikuchukua hata pumzi tatu. Zilisimama pale kama zilizopigiliwa misumari.

"Alama ya boya imeondolewa," alipaza sauti daktari. "Naweka pingamizi."

"Na mimi naweka," alisema mkandarasi. "Tena nimeanza mimi."

Mshona matanga alizitazama zile mashua mbili zilizosimama. Alitazama kwa muda mrefu jinsi zilivyosimama. Halafu akageuza usukani.

Mama yao alikuja bandani mchana ule ule, akaketi chini kwenye vipande vya uzi, akalia kuanzia saa saba mpaka saa tisa. Alipomaliza alijifuta kwa upande wa khanga, akasema sasa alazwe azikwe. Lakini mkono haukushuka. Waliukanda kwa maji ya moto, wakauvuta, mama akausemesha kama alivyokuwa akimsemesha utotoni amwachie nguo aliyoing'ang'ania. Haukushuka. Seremala alikuja na futi yake, akapima, akasema sanduku halitafungika, na yeye hatoboi tundu kwenye sanduku la mtu.

"Alimnyanyulia nani?" aliuliza mama.

"Wawili," alisema binti yake.

"Basi akae mpaka mmoja wao aseme ni yeye," alisema mama, akamgeukia mwanawe. "Utaushusha mwenyewe mkono, baba."

Fainali ilirudiwa. Boya la tatu liliwekewa bendera ya rangi ya chungwa ili wanachama wasichanganyikiwe. Mashua ya uokoaji ilibaki na kufuli lake. Mshona matanga alipewa barua ya onyo kwa kuondoa alama wakati wa mbio, lakini hakufukuzwa, kwa kuwa hakukuwa na mwingine aliyejua kushona matanga.

Kaka yake alikaa bandani kwenye kigoda, kati ya mlango na cherehani, ndoo chini yake. Asubuhi na jioni dada yake aliimwaga ile ndoo. Wateja walizoea. Waliingia na matanga yao mabegani, wakampita wakimwacha mkono wa kushoto, bila kumgusa, hata wapunga upepo ambao hawakuwahi kufuata sheria za mbio. Walipofika mbele yake wengi walimpungia.

Jumanne moja daktari na mkandarasi walifika na matanga yaliyochanika, wakakwama mlangoni kwa sababu kila mmoja alitaka kupita. Wakaingia ubavu ubavu. Wakampungia yule aliyekaa, wakamwacha kushoto, wakaweka mizigo yao mezani.

"Dada Fundi, unaanza na la nani?" aliuliza daktari. "Mimi ndiye niliyetangulia."

"Mwongo huyu," alisema mkandarasi. "Mguu wangu ndio ulioingia kwanza. Muulize kaka yako, alikuwa anaona."

Mshona matanga alimtazama kaka yake. Mkono ulikuwa juu, kiganja wazi, tone linaning'inia kwenye kidole kidogo.

"Mmefika sawa," alisema.

Akayashusha matanga yote mawili sakafuni, miguuni pa kaka yake, akarudisha pini midomoni, akaisogeza ndoo pembeni.