Saa Kumi na Tatu za Giza

Jana alasiri nilijilaza kidogo tu nipumzishe miguu, nikaota niko kazini. Hebu oneni bahati yangu. Mtu anapata Jumapili moja ya kupumzika, na hiyo nayo anaimalizia ndani ya grinihausi.

Kazi yangu ni maua, kwenye shamba moja huku Usa River. Tunalima krisanthemu, na hilo ni ua la ajabu. Ukiliachia mwanga muda wote linatoa majani tu. Ili lichanue linataka giza, saa kumi na tatu bila kukatizwa. Kwa hiyo jua likiwa bado linawaka huko nje, sisi tunavuta pazia jeusi juu ya matuta, tunafunga, tunaondoka. Asubuhi tunafungua. Kuchungulia ni marufuku.

Mimi nilichungulia. Nilikabidhiwa tuta la kumi na nne, na kila jioni nikawa narudi na tochi ya simu, naingiza kichwa chini ya pazia kuangalia kama matumba yametoka. Siku kumi na mbili nilifanya hivyo. Tuta zima likagoma. Majani matupu, mazuri kweli, ya kijani, na wala tumba moja hakuna. Supavaiza wetu, Bwana Kaaya, aliniangalia weee, mwisho akasema, "Mama Nakijwa, wewe huwezi kuacha kitu kikae chenyewe, eh?"

Yeye alikuwa anasema maua. Mimi nilisikia mwanangu.

Nakijwa wangu ana miaka ishirini. Aliondoka nyumbani baada ya kunikuta nasoma meseji zake kwa mara ya tatu. Hata kelele hakupiga, afadhali angepiga. Alikunja nguo zake akasema, "Mama, niache kwanza. Nikiwa tayari nitakupigia mwenyewe." Huu ni mwezi wa tano tangu aondoke. Nampigia kila siku. Simu inaita, inaita, inakata. Nyumba ina vyumba viwili tu lakini imekuwa kubwa, jamani, mpaka naogopa kukohoa.

Basi, ndoto yenyewe.

Niko mlangoni mwa grinihausi namba saba. Mlinzi ni ndoo. Ndoo ya bluu ya lita ishirini, imevaa kofia.

"Mwanga wote unaacha hapa," inasema.

Nakabidhi simu.

"Na hereni."

Navua hereni.

"Na meno."

"Meno yangu?"

"Si meupe? Mnachekacheka humo ndani, halafu lawama zote zinamwangukia ndoo."

Naona ina hoja. Natoa meno yote, yanatoka vizuri tu kama punje za mahindi ya kuchemsha, naitumbukizia. "Weupe wa macho nakusamehe," inasema, "ila usikodoe."

Naingia. Ndani hakuna krisanthemu hata moja. Ndani ni bangi. Miche ya bangi mirefu kunishinda, imesimama kwa mistari, imetulia. Mimi ni mzee wa kanisa, usharika mzima unanijua! Naanza kurudi kinyumenyume.

"Shikamoo, mama," unasema mche mmoja mrefu kuliko wenzake, umevaa kitambulisho cha kazi shingoni. "Kama ni askari unaowaogopa, usihofu. Wapo tuta la pili, wamelala."

Kweli, nawaona askari wawili wamepandwa mpaka magotini, wanakoroma.

"Marahaba. Krisanthemu wako wapi?"

"Wamekwenda harusini. Sisi tumewashikia zamu. Ugonjwa wetu ni mmoja nao, bila giza hatuchanui."

Nikamuuliza jina. Akasema anaitwa Bangi. Nikamwambia hilo si jina la kutajwa mbele za watu. Akasema anajua, ndiyo maana vikao vya ukoo hahudhurii.

Kisha akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeelekeza duka, "Mwanao yuko tuta la kumi na nne."

Sijui nilifikaje. Miguu ilitangulia, mimi nikafuata nyuma. Pazia jeusi limeshuka mpaka chini, na kando yake kuna saa ya ukutani inayohesabu kwa sauti nzito ya mwinjilisti: "Saa ya kwanza. Bado ni saa ya kwanza."

"Zikitimia kumi na tatu bila kukatizwa, atatoka mwenyewe," anasema Bangi. "Ukimulika, tunaanza moja. Sheria sikuitunga mimi."

"Nitamulika na nini, na simu iko kwenye ndoo?"

Alinitazama kwa huruma. "Mama, wewe hukosi."

Nikaingiza mkono mfukoni. Tochi hiyo. Naapa sikuiweka mimi.

Nilikaa. Nilikaa vizuri kabisa, mikono mapajani, saa ya pili ikapita, na ya tatu. Saa ya nne nikasema nione vidole vya miguu tu, nijue kama ana viatu. Ni mama gani asiyetaka kujua kama mtoto wake ana viatu? Nikainua pindo la pazia, nikawasha.

Mtu sikumwona. Niliona majani, na yote yameinama, yamelegea kama nguo mbichi kwenye kamba.

"Anakufa!" nikapiga kelele. "Ana kiu, anakufa, leteni maji!" Sikungoja wa kuleta. Nilikimbia mlangoni, nikambeba mlinzi, nikammimina mzima mzima kwenye tuta, na maji, na hereni, na meno yangu humo humo.

"Hafi, amelala," anasema Bangi, huku anamsimamisha mlinzi na kumvalisha kofia. "Sisi gizani tunashusha mikono. Mchana tunakula, gizani ndiyo tunafikiri. Ukitushtua katikati tunachanganyikiwa. Binamu yangu alimulikwa kila siku, akaanza kutoa mbegu peke yake. Mpaka leo hajui kama yeye ni baba au mama."

"Mpe pole."

"Ameshazoea."

"Saa ya kwanza," ikasema saa.

Nageuka, na sasa tuko zahanati, kwenye benchi refu la kusubiria. Benchi limejaa akina mama. Kila mmoja ana pazia lake jeusi mbele yake na tochi mkononi. Jirani yangu ni mama mnene, mchangamfu, ananisogezea nafasi.

"Karibu, dada. Wako yuko saa ya ngapi?"

"Ya kwanza. Wako?"

"Na mimi ya kwanza. Mwaka wa sita huu. Nasikia siku hizi ni fundi bomba."

"Sasa unamulika ya nini?"

"Nahakikisha bado yupo," akasema, akawasha, akazima. Mahali fulani saa yake nayo ikasema ya kwanza.

Nilimwona mjinga yule mama. Nilimwona mjinga kweli kweli, mpaka nilipotazama mkono wangu nikakuta kidole gumba kiko juu ya swichi, kimeshaanza kubonyeza.

Basi nikaimeza tochi. Ilipita bila shida kwa kuwa meno sina. Iliwaka tumboni, nikaona kitovu changu kimekuwa chekundu, nikakikumbatia kwa mikono miwili ili mwanga usitoke. Nililia. Nasema ukweli, nililia kama mtoto, kwa sababu nilitaka kumwona mwanangu kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na yuko hatua moja tu, na dawa yake ni mimi nisimwone. Betri zilichukua muda mrefu kuisha.

Zilipoisha likaja giza lenyewe.

Sikuona kitu, lakini nilijua mahali kwa harufu. Ni jikoni kwa marehemu mama yangu, Upareni, moshi wa kuni na magadi. Nimekaa chini kwenye mkeka. Saa inahesabu kwa mbali, na safari hii hairudi nyuma. Ya sita. Ya tisa. Chini ya mkeka nasikia mizizi inajisogeza taratibu, kama mtu anayetafuta usingizi kitandani.

Ya kumi na moja ilipotajwa, mtu akaja akakaa nyuma yangu. Akanibana mgongo kwa magoti mawili. Akaweka vidole kichwani pangu, akagawa nywele, akaanza kusuka.

Nilimjua hapo hapo. Hakuna mtu mwingine duniani anayesuka hivyo. Anavuta kwa nguvu pale karibu na sikio mpaka machozi yanakutoka, halafu, kabla hujalalamika, anainama anapuliza panapouma. Alikuwa hivyo tangu ana miaka tisa.

"Mama, usigeuke."

"Sigeuki."

"Ndivyo unavyosemaga."

"Naki, mwanangu, sigeuki. Umekula?"

"Mama!"

"Haya, sijauliza."

Anavuta, anapuliza. Shingo yangu ilitaka kugeuka yenyewe, nikaishika kwa mikono miwili kama mtu anayezuia mbuzi sokoni.

"Nimekukumbuka," nikamwambia. "Nimekukumbuka mpaka chakula hakipiti. Nampikia nani? Napika nusu kikombe cha mchele, kinabaki."

Mikono ikasimama kidogo, ikaendelea.

"Najua, Mama. Simu naiona ikiita. Kila ikiita najiambia sijawa tayari, naanza upya."

Nikakaa tu nikavutwa nywele, na sikuwahi kufurahia maumivu namna ile.

"Saa ya kumi na mbili," ikasema saa.

Nilitaka kumwambia kwamba basi, nimeelewa, sitampigia. Nilifungua mdomo. Hapo ndipo jirani yangu Mama Eliasifa, Mungu amsamehe, akabamiza mlango wake wa bati, na mimi nikaamka.

Jua lilikuwa bado lipo dirishani. Simu iko kando ya mto, na ilikuwa inakaribia ile saa ambayo huwa nampigia. Nilimchukia Mama Eliasifa kwa dakika nzima. Kisha nikajikuna kichwa, kama mtu yeyote anavyojikuna akiamka.

Juu ya sikio la kushoto pana mstari mmoja umesukwa. Miezi mitano sijasukwa na mtu, nywele zangu ni kichaka, wote kazini wanajua. Huu umeanzia pembeni mwa uso, umekazwa vizuri, umefika katikati ya kichwa, ukaishia hapo. Haujamalizika. Na ngozi kandokando yake ilikuwa ya baridi, kama mtu ametoka kupuliza sasa hivi.

Kioo kipo ukutani, hatua tatu tu kutoka kitandani. Nilikaa nikakitazama kwa jicho la pembeni, kimegeukia upande wa pili, hakinioni.

Sikwenda, na simu nikaiacha pale pale. Nilichukua kitambaa, nikakifunga taratibu juu ya ule mstari bila kuugusa, nikavuta pazia la dirisha, nikarudi kulala.