Kahawa ya Kufungua Kifua

Mvua ilikuwa imeikata barabara ya Mwimbi tangu juzi, na mchana ule pumzi ya Mboje nayo ikaanza kukatika.

Jenifer alimsikia kutoka jikoni. Kifua cha mama mkwe wake kilikuwa kinapiga mluzi. Alipoingia chumbani alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, ameinama, mkono mmoja umeng'ang'ania goti, mabega yanapanda na kushuka. Kichupa cha dawa ya pumu alikuwa amekibana mdomoni, anakibonyeza na kukibonyeza, hakitoi kitu.

"Kimekwisha, mama?"

Mboje aliitikia kwa macho tu.

Limbu, mume wa Jenifer, alikuwa bondeni na ng'ombe, kusikoshika mtandao. Jenifer akampigia Nesi Coleta wa zahanati ya ng'ambo ya mto.

"Mkalishe wima, asilale kabisa," Coleta alisema kwa haraka. "Daraja limefunikwa na maji, ila natafuta trekta linivushe. Una kahawa hapo?"

"Kahawa?"

"Kali, nyeusi. Si dawa, Jeni, usije ukaitegemea. Lakini huwa inalegeza kifua kidogo. Hapa tunatafuta muda tu."

Kahawa ilikuwapo, na haikuwapo. Kaka wa Jenifer, Flavian, kibarua wa mashamba ya Mbozi, alikuwa amemletea kopo la buni wakati wa Krismasi: punje mbichi, ngumu kama kokoto. Hakuna aliyewahi kuzikaanga. Mle ndani walikuwa watu wa chai na maziwa, na Mboje alishasema mbegu hizo hazina kazi kwake. Mambo mengi ya Wafipa, watu wa kina Jenifer, hayakuwa na kazi kwa Mboje, kuanzia na mke ambaye mwanawe alimchagua.

Jenifer akabandika sufuria jikoni, kisha akashtuka. Moshi! Ukuta wa jiko na chumba cha mgonjwa ulikuwa mmoja. Akabeba makaa kwa koleo, akakimbia nayo mvuani hadi chini ya ghala la mahindi, akapanga mafiga upya. Kuni zilikuwa mbichi. Akapuliza mpaka machozi yakamtoka, moto ukagoma, halafu ukawaka wote kwa mkupuo. Punje za kwanza ziliungua juu, lakini alipoivunja moja kwa meno aliikuta ndani bado mbichi. Akazimwaga matopeni. Kopo lilibaki nusu.

Safari hii alivuta kuni nje, akawa anakoroga kwa mwiko bila kupumzika. Aliusikia mluzi wa Mboje mpaka pale ghalani, ukienda na kurudi. Mara ukakoma.

Aliutupa mwiko, akakimbia. Mboje alikuwa hai. Macho yalikuwa wazi, midomo imeanza kupata rangi ya majivu. Pumzi ilikuwa imepungua mno, haina hata nguvu ya kupiga mluzi.

"Nakuja, mama. Nakuja sasa hivi."

Aliporudi, punje zilikuwa zinapasuka, zimekuwa kahawia, harufu imejaa chini ya ghala. Hakungoja zipoe. Akazitia kwenye kinu, akatwanga, Salamu Maria ikimkatikia mdomoni kila mchi uliposhuka. Akachemsha hadi povu likapanda, akachuja kwa chujio la chai, kisha akawa anaimimina kahawa kutoka kikombe hiki hadi kile ili ipoe, nyingine ikimmwagikia vidoleni.

Mboje alikitazama kile kitu cheusi. Akamtazama Jenifer. Akafumba mdomo.

"Ni kahawa, mama. Nesi kasema."

"Kunywa..." Mboje alivuta hewa. "Kunywa... wewe."

Jenifer alibaki ameshika kikombe. Miaka yote aliyompikia mwanamke huyu, akamfulia, akamkanda miguu, kumbe walikuwa bado hapo! Hasira ilimpanda. Hakuwa na nafasi ya kuitoa. Akanywa nusu kikombe kwa mkupuo, chungu kama mwarobaini, ikamuunguza ulimi.

"Umeona? Sasa kunywa, nakuomba. Utanichukia kesho."

Mboje akafungua mdomo. Akanywa tone kwa tone, akipumzika kila baada ya funda, na Jenifer nyuma yake amemwegemeza kifuani.

Hakuna kilichotokea. Akampa kikombe cha pili. Mvua iliendelea juu ya bati. Jenifer akaanza kulia kimyakimya, akiwaza jinsi atakavyomwambia Limbu. Kisha mluzi ukarudi, mwembamba, akadhani ndio mwisho wenyewe. Alikuwa bado analia pale aliposikia ngurumo ya trekta.

Coleta aliingia amelowa hadi kifuani, mkoba wake kajitwika kichwani. Alichoma sindano, akatoboa chupa ya maji ya plastiki, akachomeka humo kichupa kipya cha dawa na kumvutisha Mboje tena na tena. Taratibu mabega yakatulia.

"Ule mluzi ulirudi," Jenifer alisema. "Niliogopa."

"Ukirudi maana yake hewa inapita. Ulipokoma ndipo palipokuwa pabaya."

"Ni kahawa?"

"Sijui ni kahawa au ni Mungu. Nimemkuta hai, basi. Fungasha nguo, tunampeleka hospitali kabla maji hayajapanda tena."

Walimpakia kwenye tela, wakamfunika turubai. Mboje alimshika Jenifer mkono.

"Sikukuamini," alisema.

"Niliona, mama."

Jenifer hakumdai zaidi. Trekta lilipoingia majini, tela likayumba, Mboje akajivuta karibu yake na kuegemeza kichwa begani mwake. Jenifer alikisikiliza kile kifua njia nzima.