Mchanga wa Eladima

Talaso anapitiwa na usingizi ndani ya shimo, sururu mkononi, jua la adhuhuri limemsimamia utosini. Dhoruba imeifukia chemchemi ya Eladima, na Tumal, shemeji yake, ameshakata shauri: wanapakia ngamia wanahama, anayetaka kubaki abaki na mchanga wake. Kisima kingine ni mbali, ndama hawatafika, kila mtu anajua na bado anafunga mizigo. Talaso ndiye aliyekataa, na akaambiwa ana kichwa kigumu. Haya, anacho.

Mchanga unaachia chini yake, anatokea barabarani, na barabara inazunguka inamrudisha palepale Eladima, ila sasa ni ziwa, maji mpaka macho yanapokoma, samaki wanapita pale ngamia hulala. Pembeni yake anatembea mtu asiye na uso. Jangwa lako lote lilikuwa hivi, anasema, maji yakachoka yakaondoka, wewe unangoja nini? Barabara inazunguka tena, ziwa limekauka, kumebaki chumvi na kidimbwi, na mwanamke anafukua. Inazunguka, askari wa wakoloni wameizungushia chemchemi ukuta wa mawe, ukuta unaanguka, mchanga unaingia, mwanamke mwingine anafukua. Kila wakirudi mchanga umeshinda, na kila wakirudi kuna mgongo umeinama, na mmoja ni wa mama yake, anaujua kwa lile bega lililolegea, na roho inamuuma kwamba mama hageuki.

Wanafika kwenye mji wa mazigazi, kiinimacho cha jua, nyumba zimesimama miguu juu, zinang'aa. Weka sururu uingie, anasema asiye na uso, humu hakuna kiu. Kuna maji? anauliza Talaso. Hakuna kiu, maji ya nini? Basi nitegulie hiki: ni nini kinachomfukia kila anayekifukua? Usinitegee vitendawili, anasema Talaso, mimi si mtoto. Basi niambie, chemchemi ni ya nani? Ni ya anayeifukua, anajibu, na leo ni mimi. Anainua sururu, anaupiga mji ule kwa hasira zake zote, nao unapasuka.

Yumo shimoni. Mchanga chini ya sururu ni wa baridi. Juu ukingoni amesimama mtu, jua liko nyuma yake, uso hauonekani. Talaso, weka hiyo sururu twende, anasema. Huenda ni Tumal, huenda ni yule wa barabarani, na hata shimo hili huenda ni mzunguko mwingine tu. Talaso hajui, wala hamuulizi.

Hata uwe nani, anamwambia, chukua ndoo ushuke. Kisha anainama, anaendelea kufukua.