Chozi wa Mlangoni kwa Marcelina

Mzungu wa ndege alipiga kambi Kwihara, pale pale ilipopita misafara ya pembe, akitafuta chozi, ndege wadogo wafyonza maua, wa aina mbili wanaofanana kama ndugu wa tumbo moja. Mmoja ana mkanda mwekundu mpana kifuani, mwenzake mkanda mwembamba kama ushanga. Mpana alikwisha kumpata, kachunwa, kajazwa pamba, kalala sandukuni kama bwana harusi aliyezidiwa na pombe. Mwembamba alikuwa na kiota upenuni kwa Marcelina, na mchunaji wa Mzungu ni Kornel, mumewe Marcelina.

Marcelina akakataa ndege wake auawe. Mtoto wao, Flavia, homa ilikuwa imemsumbua tangu masika. Aliacha kulia pale tu alipomtazama chozi yule akilisha makinda. Kornel akasema amekwisha kuahidi, kesho asubuhi atarudi kutoka kambini na bunduki ya Mzungu.

Kwa padre Marcelina hakwenda. Padre angemwambia asali, na Mungu ana ndege wengi, huyu mmoja angeweza kumpitia. Alikwenda kwa Mwinshehe, mpishi wa Mzungu, Mzaramo, kwa hiyo mtani wa kila Mnyamwezi, Kornel akiwa mmoja wao, tangu enzi za mababu na mizigo yao.

Asubuhi Kornel akamkuta Mwinshehe kalala kizingitini, kajifunika shuka jeupe gubigubi.

"Nimekufa," alisema Mwinshehe. "Na chozi huyu ni mali ya marehemu."

"Ondoka, Mzaramo wewe. Mchuzi wa Bwana unaungua."

"Uungue. Babu yako alikula mihogo yetu akipeleka pembe pwani, hakurudisha hata maganda. Leo nachukua ndege."

Kilichochukuliwa na mtani hakidaiwi, wala hakinuniwi. Kornel akalaza bunduki chini, akicheka bila kupenda.

Njaa ikamleta Bwana mwenyewe. Alipoelezwa utani ni nini, akauliza mtani wake yeye ni nani.

"Huna, Bwana," ikajibu shuka. "Ndiyo maana unakaa na ndege waliokufa."

Bwana akafikiri. Kisha akaketi kwenye kigoda, akatoa darubini na chozi wake wa pamba, akaanza kumlinganisha mfu na hai. Marcelina alikuwa na mahindi ya kutwanga, akampakatisha Bwana Flavia. Chozi akatoka kiotani, akamwachia Bwana alama yake nyeupe juu ya kofia.

Flavia akacheka, mara ya kwanza tangu masika. Marehemu akafufuka, akaenda kuutazama mchuzi.