Usipande Gari Lenye Injini Mpya

Mama mwenzangu, mwanao akikabidhiwa gari lenye injini mpya, akakuambia panda nikupeleke, usipande. Mwambie una mchele juani, mwambie unasubiri mgeni, sema lolote litakalokujia mdomoni. Akishaondoka ndipo ukae uombe dua zako. Mimi nilipanda, na kidogo nimharibie mtoto bahati yake.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka yalipoanza kujaa vitu na magari ya Japani yakaanza kuonekana hata huku kwetu Bigwa. Zamani tukisikia muungurumo tulijua ni lori la ndizi au gari la misheni, basi. Mjini Morogoro alikuwapo mfanyabiashara wa vipuri, Bwana Abdulswamad. Yeye akanunua gari jeupe, la chini, lenye tabo, kile kidude kinachopuliza hewa kwenye injini mpaka gari linaruka kama limechomwa sindano. Alilitaka kwa mashindano. Magari yangeanza mjini, yapite mbele ya nyumba zetu, yapande milima kwenda Mkuyuni na kurudi. Dereva wake wa kwanza alilikimbiza vibaya, injini ikafa. Akaagiza nyingine, ikaja ndani ya sanduku la mbao, imeviringishwa nailoni kama maiti, Mungu anisamehe.

Kiti cha dereva akapewa mwanangu Stambuli, kitinda mimba wangu. Alikuwa anaendesha pikapu ya machungwa kutoka Kinole, na zile kona za mlimani anazijua kama mimi ninavyolijua jiko langu. Bwana Abdulswamad alimwambia mbele ya watu, "Nitunzie injini hii ikomae vizuri, siku ya mashindano utaendesha wewe. Ikianza kutoa moshi, gari nampa mpwa wangu wa Dar. Tusije tukalaumiana."

Stambuli alikuja nyumbani, akala ugali wote bila kusema neno. Aliponawa mikono ndipo akasema, "Mama, nimepata."

Nikasema Alhamdulillahi. Moyoni nikasema, nimekwisha.

Mimi ni mtu wa hofu. Mvua ikianza mlimani, nahesabu watoto hata walioolewa. Baba yake Stambuli hunicheka, anasema nikifika peponi nitauliza kwanza kama ngazi imefungwa vizuri. Lakini barabara ile ya Mkuyuni unaijua. Upande mmoja ukuta wa udongo mwekundu, upande wa pili unaona vichwa vya migomba chini yako. Mtu anayekimbia pale anakimbilia nini?

Kesho yake nilifuatana naye gereji kwa fundi Eustace, mtu wa Bukoba aliyekuja Morogoro kufanya kazi kiwandani. Kiwanda kilipopunguza watu, akafungua gereji yake. Fundi yule anapenda kuongea kuliko kinyozi. Aliifunga ile injini huku akijisifu, akaiwasha, akaegemeza sikio kama mganga, kisha akamwambia mwanangu masharti.

"Kilomita elfu moja za mwanzo hii ni bibi harusi. Usiikimbize mpaka ikalia. Iache ipate moto kwanza ndipo uondoke. Halafu usikae mwendo mmoja. Panda nayo milima, ikanyage kidogo, iachie, ikanyage, iachie. Umenielewa, kijana?"

"Nimekuelewa, fundi."

Mimi nilisikia neno moja tu, usiikimbize. Masikio ya mama yana kichujio chake. Nikaona Mungu amenifungulia mlango. Kilomita elfu moja mwanangu amekatazwa mbio, na aliyemkataza si mimi, ni fundi. Nikaamua nitapanda nihakikishe.

Basi nikawa napanda. Nikavaa kanga zangu nzuri, nikakaa mbele kama mke wa mkuu wa wilaya. Nilikataa njia ya mlimani, nikasema kifua kinanibana nikiona korongo. Tukawa tunakwenda Mikese kwa lami, nchi tambarare, mwendo wa polepole na ule ule kwenda na kurudi. Baiskeli zilitupita. Kuna siku mzee mmoja mwenye mkaa alitupita akageuka kututazama, akauliza kama tumeharibikiwa.

"Hatujaharibikiwa, mzee, shikamoo," Stambuli akamjibu dirishani. "Nina mama humu."

"Marahaba. Kumbe ni mayai," akasema yule mzee, akaendelea kukanyaga pedali.

Tulicheka mpaka nikafuta machozi. Na hilo ndilo nitakalosema hata nikiulizwa mbele ya Mungu, kwamba siku zile zilikuwa tamu. Tangu Stambuli aanze kuota ndevu hatukuwa tumekaa pamoja hivyo. Nyumbani anakula anaondoka, lakini kwenye gari hana pa kwenda. Alinihadithia mambo ya Kinole, nani ameuza shamba, nani amerogwa. Kidogo kidogo akanitajia binti mmoja, Shamsia, anayemsaidia mama yake kuuza mdalasini. Alimtaja mara ya kwanza kama anayetaja bei ya kitu. Mara ya pili nikamwambia, "Baba, mdalasini huu nyumbani umeshakuwa mwingi, sema unachotaka." Akaangalia barabara akatabasamu. Nikikaa pale, mikono yake ikiwa kwenye usukani, nilikuwa naiona bado ile mikono iliyokuwa inashika pindo la kanga yangu tukienda mtoni.

Tukisimama kununua kitu nilimwambia asizime injini, nikiogopa isije ikagoma kuwaka. Basi ikawa inanguruma pale pale barabarani muda wote ninaopunguziwa bei ya nyanya. Hata hilo ni kosa kwa injini mpya, nalo uliweke akilini.

Kilomita zilipofika nusu, nikaona moshi. Moshi mwembamba wa rangi ya samawati nyuma ya gari, kama wa udi. Stambuli alishuka akauangalia. Alipopima oili, ilikuwa imepungua. Tukaenda kwa Eustace.

Fundi hakufungua hata boneti. Alichukua kitambaa cheupe, akakishika nyuma ya bomba la moshi huku Stambuli akikanyaga mafuta. Kitambaa kikarudi na madoa ya kung'aa, kama kilichofungia maandazi.

"Mmepita wapi na gari hili?" akauliza.

"Mikese," Stambuli akasema.

"Na milima?"

Mwanangu akainama kukagua tairi. Hakunitaja. Fundi akanitazama mimi, akatazama kiti changu kilivyowekewa mto, akaelewa.

"Kijana, kanunue maji ya kunywa," akasema. Stambuli alipotoka, fundi akakaa juu ya tairi. "Mama Stambuli, nikueleze bila kukuficha. Ndani ya injini kuna vyuma vinasuguana, ringi za pistoni na ukuta wa silinda. Vikiwa vipya bado havijuani. Ukivikanyaga kiasi, vinabanana, kila kimoja kinachukua umbo la mwenzake, oili haipiti tena. Ukivibembeleza mwendo mmoja tambarare, ukuta unateleza kama kioo, ringi hazishiki. Ndiyo huo moshi. Kinachoua injini mpya ni mbio za kijinga, na pia huruma ya kijinga."

"Inatibika?"

"Bado mapema. Nitabadilisha oili, apande milima kwa bidii siku hizi chache, itashika. Akiendelea na Mikese, nitaifungua nipige msasa upya, na Bwana Abdulswamad atajua." Akafuta mikono. "Kwa hiyo mama, ukitaka mwanao asishindane, huhitaji kugombana na mtu. Endelea tu kukaa kwenye kile kiti."

Na nikuambie kweli, furaha ilinipita kifuani, ndogo, ya haraka, kama panya anayekatiza jikoni. Kumbe nimeshapata. Moshi ukizidi, gari anapewa mpwa wa Dar, mwanangu anarudi kwenye pikapu yake ya machungwa, analala kwangu mzima. Nisiseme lolote, nipande tu.

Stambuli akarudi na chupa ya maji, akanipa mimi kwanza. Uso wake ulikuwa umekauka. Alikuwa anaona bahati yake inatoka kwenye bomba la moshi, na bado aliuliza, "Mama, umechoka? Nikurudishe?"

Usiku ule niliwaza ujana wangu. Nilipovunja ungo niliwekwa ndani, kama mila yetu Waluguru ilivyokuwa, nikakaa mwali muda mrefu mpaka ngozi ikawa laini na miguu ikasahau mlima. Siku ya kutolewa mama yangu alilia, akataka nikae kidogo tena, nimenenepa vizuri, jua litanichoma. Shangazi Mwajuma akamwambia, "Mwali hufundwa ili atoke. Ukimzidisha ndani anakuwa mgonjwa." Akanipandisha ile njia ya juu na mtungi kichwani, yeye mbele, mimi nyuma, mapaja yanatetemeka. Mama yangu alibaki mlangoni. Wakati ule nilimwona mama ndiye anipendaye na shangazi ndiye mkali.

Asubuhi nilipanda gari, nikamwambia, "Leo twende Mkuyuni."

Akanitazama. "Na kifua?"

"Kifua ni changu. Wewe endesha."

Akaiacha injini ipate moto, tukaondoka. Tulipofika kwenye mwinuko nikashika kikapu changu kwa mikono miwili, nikasema, "Kanyaga, baba." Akakanyaga. Gari likavuta, mgongo wangu ukabandikwa kwenye kiti, na hapo hapo akanitupia jicho, akaachia. Kona ya pili hivyo hivyo. Kona ya tatu nikafumba macho kabisa nikasema, "Kanyaga, si nimekuambia?"

"Mama, siwezi," akasema. "Nikikuona umekaa hapo mguu unakataa. Siwezi kumkimbiza mama yangu kwenye korongo kama gunia la machungwa."

Hapo ndipo nilipojua. Nilidhani dawa ni mimi kujikaza. Kumbe hata nikijikaza, hata nikiimba kwa furaha, mradi nimo ndani, yule mtoto atanilea. Nimemfundisha adabu mwenyewe, sasa adabu imemshika mguu.

Tulipofika sokoni Mkuyuni nikamwambia, "Nishushe."

"Nikusubiri?"

"Usinisubiri. Nina mazungumzo marefu na Maimuna wa viazi, ananidai umbeya wa mwezi mzima. Wewe panda Kinole, shuka, upande tena."

"Utarudi na nini?"

"Malori ya ndizi yamekwisha duniani?"

Akashuka, akazunguka, akanifungulia mlango. Akanishushia kikapu. Akasimama kama ana jambo la kusema, kisha akaunyoosha mtandio wangu begani uliokuwa umepinda. "Haya, mama," akasema.

"Haya. Na ukimwona mwenye mdalasini, salimia ila usisimame. Injini ni mpya."

Akacheka. Akaondoka taratibu, taratibu kabisa, kama bado nimekaa kando yake na mto wangu. Watu wa sokoni wakasema gari zuri namna ile linaendeshwa kama la kubebea sufuria za pilau. Mimi nilisimama. Gari likafika kwenye kona, likafichwa na migomba. Likatulia kidogo. Kisha nikaisikia injini ikifunguka, ikapanda, ikaachiwa, ikapanda tena, mpaka mlima mzima ukawa unaijibu. Nikakaa juu ya gunia la viazi la Maimuna.

"Nani huyo mwendawazimu?" Maimuna akauliza.

"Mwanangu," nikasema.

Siku zilizofuata sikupanda tena. Eustace alishika kitambaa chake nyuma ya bomba, kikarudi na vumbi jeusi kavu, doa hakuna. Bwana Abdulswamad akaja akalizunguka gari mara kadhaa, akamwambia Stambuli akapime kofia ya mashindano.

Siku yenyewe Bigwa yote ilijipanga barabarani tangu asubuhi. Baba yake Stambuli alikuwa ameshatoa benchi letu nje, lile la mbele ya nyumba ninalokalia kila siku kuchambua mboga. "Njoo ukae," akaniita, "mwanao anakaribia kupita."

Nilikuwa nimeshavaa. Nilifika mpaka mlangoni. Ndipo nikalitazama lile benchi, nikakumbuka kwamba Stambuli akipita na gari lolote, pikapu au baiskeli, hulitazama kwanza. Akiniona ananyanyua mguu, anapunguza mwendo. Atafanya hivyo hata kama nyuma yake yanakuja magari kumi.

"Kaa wewe," nikamwambia mume wangu. "Mimi nina mchele juani."

Nikapita uani, nikajificha nyuma ya migomba, mahali ninapoona barabara na barabara hainioni. Gari jeupe likaja likiinua vumbi. Nikaona kofia ndani yake ikigeuka kidogo upande wa nyumba yetu, ikatafuta benchi, ikamkuta baba yake peke yake akipunga mkono. Nikajishika kinywa. Injini ikavuta pumzi, halafu akakanyaga.